Mkia wa Kaseti ya Veste Verte

Katika santuri arobaini na moja alizoachiwa na marehemu mumewe, Godelive Kanyere alikuwa na moja ambayo mkono wa mtu mwingine haukuruhusiwa kuigusa. Butembo nzima iliiita Veste Verte. Jina lake halisi liliandikwa juu ya jalada kwa herufi za kujipindapinda ambazo hakuna aliyejisumbua kuzisoma. Watu walichoona ni mwimbaji wa Kinshasa amesimama kando ya gari, amevaa koti la kijani lisilo na kola, kama sheria ya mavazi ya miaka ile ilivyotaka. Nyimbo mbili upande wa kwanza, mbili upande wa pili. Ule wa pili wa upande wa kwanza ulianza polepole, jamaa akimlalamikia mke aliyemwacha, kisha magitaa matatu yakaingia na kuzungushana mpaka sindano inafika katikati. Godelive alishawahi kumwona mzee mmoja wa parokia akitikisa bega kwa wimbo huo, halafu akajifanya anakohoa.

Mumewe, Salomon, alikuwa fundi wa redio. Alipokufa kwa homa, mwaka mmoja kabla ya vita vya kwanza vya waasi, alimwachia chumba nyuma ya soko, ubao ulioandikwa Studio La Patience, mashine ya kuchezea santuri, mashine mbili za kaseti, na betri ya gari ya kuziendesha zote. Ndugu wa mume walikuja wakabeba viti, meza na baiskeli. Santuri waliziacha, maana waliziona ni sahani nyeusi zisizolika ugali. Godelive hakuwaeleza lolote, naye angeeleza kwa nini?

Tangu hapo alikula kwa kazi hiyo. Mtu alileta kaseti yake, akataja albamu anayoitaka, naye akamnakilia, kisha akamwandikia majina ya nyimbo kwa wino wa bluu, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na masista. Hakujua haraka. Upande mmoja wa santuri huchukua dakika ishirini au ishirini na moja, na upande mmoja wa kaseti ni dakika thelathini, kwa hiyo wimbo ukishaisha hubaki mkia wa kaseti, dakika tisa hivi. Wanakili wavivu huuacha mkia huo na takataka zake za zamani. Godelive alikaa kimya mpaka kaseti ifike mwisho, ikatike yenyewe, ili mkia ufutike uwe safi. Wateja walisonya, na yeye aliwaacha wasonye.

Vita vya pili vilipoingia, jambo la ajabu likatokea. Watu waliacha kuomba nyimbo mpya. Walitaka albamu za miaka ya sitini na sabini, za wakati ambapo lori lilitoka Butembo mpaka Kisangani na dereva akarudi amenenepa. Walikuja na kaseti zao, wakasikiliza mwanzo kidogo, wakaenda wamekaza nyuso kama watu wanaotoka msibani. Na waliyoiomba zaidi ya zote ni Veste Verte.

Mwaka ule, elfu mbili na moja, mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na vilimani walikaa Mai-Mai, wapiganaji wa vijijini waliowapinga. Mtu wa Butembo alilala chini ya wa kwanza na kuwaota wa pili, na wote wawili walimtia hofu. Hofu ya Godelive ilikuwa na jina. Mdogo wake Melchior, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano, alikuwa vilimani. Askari walimchomea duka lake dogo la dawa, naye akapanda mlima bila kuaga. Kwa majirani Godelive alisema mdogo wake yuko Uganda anatafuta maisha. Aliyejua ukweli ni mmoja tu, Agar, mama wa kijiji cha Masereka aliyeteremsha kabeji na vitunguu sokoni kila Alhamisi.

Ni Agar aliyeleta ile kaseti, ndani ya kabeji iliyochimbwa moyo na kufunikwa jani. Watu wengi walitumiana kaseti badala ya barua siku hizo, hasa wale ambao karatasi yao ingesomwa njiani. Mtu husema upande wa kwanza, mwenzake hujibu upande wa pili, kaseti ileile inarudi ilikotoka. Kwa sababu hiyo hakuna aliyeyavunja yale meno mawili ya plastiki mgongoni mwa kaseti, ambayo yakivunjwa haiwezi tena kurekodiwa. Godelive aliisikiliza peke yake, vifaa vya masikioni vimebanwa, mlango umefungwa.

Melchior alikuwa mtu wa adabu, na adabu ilimponza. Dakika ishirini nzima alisalimia. Alimsalimia yaya wake, dada aliyemlea, akasalimia kaburi la shemeji, mama wa ubatizo, jirani wa kushoto na wa kulia, hata mbuzi mwenye pembe moja ambaye alikuwa ameshauzwa. Ndipo akaingia kwenye jambo lenyewe. Alikuwa Masereka, katika kibanda cha viazi nyuma ya nyumba ya Luc, mume wa Agar, pamoja na wenzake wanne, akawataja kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Luc ndiye aliyewalisha. Alihitaji dawa ya kuhara na viatu namba arobaini na mbili. Akamaliza kwa kucheka: "Yaya, nasikia hamu ya Veste Verte. Hapa tunaimbaka na kinywa tu."

Godelive aliitia kaseti hiyo katika kisanduku alichokiandika Chorale, Pasaka, ili hata askari wakija kupekua waione ni nyimbo za kanisa. Aliiweka kwenye droo. Humo tayari kulikuwa na kaseti nyingine ya kwaya ya kweli, iliyoandikwa Chorale pia, ambayo wenyewe hawakurudi kuichukua. Alikusudia kujibu Jumatatu, lakini Jumatatu risasi zililia upande wa mto na hakufungua studio.

Jumanne saa sita mchana gari la kijeshi lilisimama mbele ya ubao wake. Alishuka mwanaume mnene kiasi, miwani mizuri, buti zilizong'arishwa. Nyuma yake mlinzi akaziba mlango, chumba kikaingia giza.

"Mbote, mama. Ndjo hapa kwenye iko Veste Verte?"

Godelive alifikiria kukana. Alimtambua: alikuwa Commandant Jéthro wa Beni, yule ambaye watu walisimuliana habari zake wakitazama kwanza nyuma yao.

"Ndiyo, mon commandant."

"Bon. Samedi niko na fête kidogo ku nyumba, ba officiers bote batakuya. Nataka hiyo disque mu kaseti. Saa moja, kisha niko mu barabara."

"Uko na kaseti, mon commandant?"

"Weye ndjo studio," akasema, akacheka, akaketi.

Kaseti mpya hazikuwapo. Barabara ya Kasindi ilikuwa imefungwa wiki mbili, na Butembo yote usingepata kaseti tupu hata kwa kuiombea novena. Godelive alivuta droo. Akaona neno Chorale, akajiambia wale wanakwaya hawarudi tena, akaitoa, akaitia mashineni. Hakuisikiliza kwanza. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kurekodi juu ya kaseti bila kuisikiliza kwanza.

Kwa dakika ishirini commandant alifumba macho. Midomo yake ilifuata maneno yote. "Baba yangu alikuwa nayo," alisema katikati ya magitaa. "Ku Kisangani. Alitupigaka fimbo kama tunaigusa." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, na Godelive aliogopa zaidi.

Wimbo ulipoisha akafumbua macho. "Geuza."

"Mon commandant, tungoje kidogo, bande ifike mwisho, nisafishe..."

"Geuza, mama. Sina wakati."

Akageuza. Nani angebisha? Upande wa pili ulinakiliwa, jamaa akaitia kaseti mfukoni, akasema merci kama mtu yeyote, akaenda. Godelive aliketi sakafuni akashukuru Mungu kwamba amebaki mzima, na jioni ile alikula kwa hamu. Baadaye aliona haya kuikumbuka sahani ile.

Alhamisi Agar akaja, kikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

"Dada, jibu iko tayari?"

"Hapana bado, unisamehe. Batu ya buti balikuya hapa. Lakini ngoja, naisema sasa hivi, utaenda nayo."

Akafunga mlango, akatoa kisanduku cha Chorale kilichobaki, akaitia kaseti mashineni airudishe nyuma. Kwa mazoea tu akabonyeza kuisikiliza. Sauti za wanawake ishirini zikaimba aleluya ya Pasaka.

Akaitoa, akaitazama, akaitia tena. Aleluya. Akapindua droo nzima juu ya meza, akafungua visanduku vyote, akapitisha mkono hadi nyuma ya betri, huku anajua kuwa anatafuta kitu ambacho amekitoa kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akakaa akamweleza Agar, kwa sauti ya chini, neno kwa neno.

Dakika ishirini za Veste Verte zilikuwa zimefuta dakika ishirini za salamu. Mbuzi alifutika, mama wa ubatizo alifutika. Kilichobaki kwenye mkia ni jambo lenyewe: Masereka, kibanda cha viazi, Luc, wale wanne na majina ya baba zao. Na Jumamosi maofisa wote wa Beni wangeketi na chupa zao, wimbo uishe, na hakuna mlevi anayeinuka haraka kuzima redio.

Agar hakulia. Alishika kamba ya kikapu kwa mikono miwili. "Melchior anaweza kuhama," akasema. "Ana miguu. Lakini nyumba yangu? Mama mukwe hatembei. Batoto ni sita. Nitababeba mu hiki kikapu?"

"Nenda leo, ubaambie bahame bale watano. Miye naenda Beni."

"Beni kufanya nini? Utamwambia nini ule mutu?"

"Sijui. Njiani nitajua."

Waliagana bila kugusana, kila mmoja akiwa tayari ameshafika kwa mawazo aendako. Agar aliacha kabeji zake zote pale mlangoni.

Ijumaa asubuhi Godelive alipanda Fuso lililobeba maharage. Mapajani aliweka Veste Verte, imefungwa kwa vitenge viwili. Kwenye pembe ya kitenge chake alifunga fundo, na ndani ya fundo kulikuwa na kichwa cha waya kilichokatika, ujanja wa kazi aliofundishwa na Salomon. Redio-kaseti ina maikrofoni yake ndani; ukirekodi bila kitu, itachukua sauti za chumbani. Ukiingiza kichwa cha waya mfu kwenye tundu la maikrofoni, inarekodi kimya kitupu. Kwa kichwa hicho angefuta mkia wote na hakuna mtu angesikia hata inzi.

Kizuizi cha kwanza, Maboya, askari alitaka kuvifungua vitenge. "Ni kitu ya Commandant Jéthro," Godelive akasema. Askari aliondoa mkono haraka, akamsaidia hata kupanda. Abiria wenzake wakasogea wakamwachia nafasi, na mama mmoja aliyekuwa akimpa karanga akaacha kumpa. Godelive aliona aibu juu ya hofu. Kufika Kabasha hakuna aliyekuwa akiongea ndani ya lori, naye akaendelea kupanga uongo wake, akiugeuza huku na huku mpaka ukawa karibu sana na ukweli. Aliona huo ndio wa kushikika.

Nyumba ya commandant pale Beni ilikuwa ya mfanyabiashara wa kahawa aliyekimbia. Kwenye majani mbele ya baraza alikaa mwanaume mmoja wa makamo, shati limechanika, mikono nyuma, miguu mitupu. Viatu vyake vilipangwa vizuri kando yake. Hakuna aliyemtazama. Godelive naye alijilazimisha asimtazame, akaishia kuvitazama viatu.

"Mama ya studio!" commandant akaita kutoka barazani. "Umetoka Butembo mpaka huku? Juu ya nini?"

"Juu ya aibu, mon commandant." Sauti yake ilitoka nyembamba. "Ile kaseti ilikuwa ya chorale. Nilisahau kufuta mukia. Kesho ba officiers banakunywa, banacheza, wimbo inaisha, na bamama ba Pasaka banaanza kuimba aleluya. Batacheka studio yangu. Batakucheka na weye. Nipe dakika kumi tu, nisafishe."

Commandant alimtazama. Kisha akaangua kicheko, akapiga goti. "Aleluya! Mu fête yangu! Mama, uko mutu ya kazi kweli." Akaingia ndani akatoka na redio-kaseti kubwa na ile kaseti, akaviweka juu ya meza ya barazani. "Lakini iweke kwanza tuisikie, hiyo aleluya. Mama yangu alikuwa mu chorale."

Godelive alijaribu kumzuia. "Haiko muzuri, mon commandant. Bande ni nzee."

"Weka."

Commandant alikuwa ameisikiliza kaseti na kuiachia katikati. Ilisimama ndani ya wimbo wa pili, magitaa yakizungushana. Godelive aliketi mbele ya mashine, akaiwasha icheze. Fundo la kitenge lilikuwa chini ya kiganja chake, na hakukuwa na wakati wa kulifungua, kwa kuwa commandant alikuwa ameinama karibu kabisa, sikio limetegwa. Aliujua wimbo huo kuliko alivyoijua sala ya jioni. Alijua gitaa la kwanza linanyamaza, la pili linarudia mara nne, na baada ya mara ya nne kuna pumzi moja tu. Akaweka kidole gumba kimoja kwenye kitufe cha kucheza na kingine kwenye kile chekundu. Mara ya kwanza. Ya pili. Mdogo wake alikuwa pale, nyuma ya gitaa, karibu kusema. Mara ya tatu. Ya nne.

Akabonyeza vyote viwili. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

"Iko wapi aleluya?"

"Nimefinya vibaya, mon commandant. Vidole vinatetemeka, unisamehe. Imekwisha kuanza kufutika." Na kwa kuwa hakuweza kuficha kwamba anatetemeka, akaongeza ukweli: "Nakuogopa."

Commandant hakukasirika. Ilionekana hata ilimfurahisha. Akanyoosha mkono kuelekea kitufe cha kusimamisha, na hapo Godelive akasema haraka, kwa sauti ya juu kuliko alivyotaka: "Usifinye! Inakamata sauti yetu, kila kitu tunasema inaingia. Kesho ba officiers batatusikia."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Mkono ukasimama hewani. Commandant alitabasamu polepole, kama mtoto aliyeonyeshwa mchezo. "Basi sema! Fanya sawa redio. Elezea ba officiers hiyo disque ilitoka wapi."

Hivyo ndivyo Godelive Kanyere alivyozungumza dakika tisa mbele ya taa nyekundu. Alijua kila neno litasikiwa na maofisa, na kila dakika anayokaa kimya commandant anaweza kuchoka akairudisha kaseti nyuma. Akasema. Alisema santuri hiyo ilinunuliwa hapahapa Beni, mwaka wa sabini na saba, kwenye duka la Mgiriki, baada ya mavuno ya kahawa. Mumewe aliichagua, lakini aliyeibeba ni mtoto mmoja wa kwao, miaka minane, kwa kuwa alililia kuibeba. Kufika Kabasha mvua ikanyesha, lori likazama matopeni. Watu wote walikimbilia chini ya turubai. Yule mtoto alivua shati, akaifunga santuri, akailalia kifudifudi mvua ikimpiga mgongoni.

"Aligonjwa juma mbili," Godelive akasema, "nikamugombeza sana. Yeye akasema, disque haikulowana. Tangu ile siku alijua gitaa zote tatu na kinywa. Ukimwambia aimbe maneno, anakataa. Anaimbaka gitaa."

Alikuwa amesahau aliko. Kwa muda wa pumzi mbili hakuogopa hata kidogo, alikuwa Kabasha, mvua inanyesha.

"Na ule mutoto," commandant akauliza, "yuko wapi leo?"

Taa nyekundu iliendelea kuwaka. Godelive alitazama viatu kule kwenye majani. Kusema Uganda kungeleta swali la pili, na swali la pili lingeleta jina. Lilibaki jibu moja lisilofuatiwa na swali.

"Alikufa, mon commandant."

"Pole, mama."

"Wasingya," akashukuru kwa Kinande bila kukusudia, akaendelea kueleza upande wa pili wa albamu, ngoma zake, tarumbeta zake, hajui alisema nini, mpaka kitufe kikaruka chenyewe kikalia tak.

Commandant alimshika bega akamsifu. Kisha akavikunjua vitenge, akaitazama Veste Verte, akapitisha kidole juu ya lile koti la kijani. "Hii iache hapa," akasema. "Butembo kuko bawizi. Kwangu itakuwa salama." Godelive akavikunja vitenge vitupu. Alipotoka, yule mwanaume hakuwapo tena kwenye majani. Viatu vilikuwa palepale, vimepangwa.

Njia nzima ya kurudi alijirudia neno moja. Kwao mtu hamtangazi ndugu aliye hai kuwa amekufa, hata kwa mzaha, hata kwa kuokoa roho. Anayefanya hivyo humwita kifo kwa jina. Godelive alisali rozari tatu juu ya magunia, akimwomba Mungu ayahesabu maneno yale kuwa ni ya hofu, si ya moyo. Aliazimia siku Melchior atakaposhuka mlimani amwambie mwenyewe, wacheke wote wawili, amlipe kwa kuku.

Jumapili mchana, siku isiyo ya soko, Agar alimkuta mlangoni. Hakuwa na kikapu. Godelive akaona tangu mbali kwamba hakuwa na kikapu.

"Nyumba?" akauliza.

"Nyumba iko. Batoto bako. Bale bengine balihama." Agar akamshika mkono. "Lakini yeye hakukuwa mule mu kibanda. Tangu ile siku alinipa kaseti alishuka na Mai-Mai bengine mpaka Luofu. Ijumaa ile ingine bakapigana kule. Ndjo kule balimuzika, dada. Bwana yangu alinificha na miye, hakujua namna ya kukujulisha."

Godelive alihesabu kwa vidole. Ijumaa ile, halafu Jumanne ya commandant, halafu Ijumaa ya Beni. Siku saba. Alipobonyeza vile vitufe viwili mdogo wake alikuwa ameshakaa udongoni siku saba, na neno alilolisema barazani halikuwa uongo wala halikumuua. Alihesabu tena, na hesabu ilikuwa sahihi, na haikumsaidia. Sauti ya Melchior iliyobaki duniani ilikuwa dakika tisa, na yeye, aliyejua kulinda mkia wa kaseti kuliko mtu yeyote mjini, ndiye aliyeifuta. Alilia mpaka majirani wakaja, na hata kilio hicho alikidanganya: aliwaambia analilia santuri yake iliyochukuliwa. Wakamcheka kidogo, wakamletea chai.

Miaka mitatu ikapita. Commandant alihamishwa, wengine walisema amekimbia, nyumba ya kahawa ikarudiwa na mwenyewe. Kinshasa walitangaza amani, na Butembo ikaisikiliza redioni, kisha ikafunga milango mapema kama kawaida. Studio La Patience ilikuwa imebaki na santuri arobaini. Mtu akiomba Veste Verte, Godelive alisema haipo, basi.

Asubuhi moja mwalimu mmoja kutoka Beni, Paulin, alimletea kaseti mbili tupu na moja ya kunakiliwa. Ilikuwa imechakaa, imenakiliwa kutoka kwa iliyonakiliwa. "Ni Veste Verte, mama," alisema kwa fahari. "Lakini ile ya kweli, ile iko na mama mwenye kuongea ku mukia. Beni yote tuko nayo. Batu banalia pale kwa mutoto na mvua. Unifanyie mbili, moja ya yaya yangu."

Godelive aliitia mashineni. Magitaa yalizungushana, yamekwaruzwa na safari. Mara nne. Pumzi moja. Kisha sauti ya mwanamke anayetetemeka: nakuogopa. Alikaa akaisikiliza dakika zote tisa, mwalimu akimtazama yeye kisha mashine, kisha yeye tena, akaelewa, akavua kofia. Ilifika pale kwa swali. Kabla ya jibu kulikuwa na kimya kirefu ambacho siku ile hakukijua, na ndani ya kimya hicho mtu alikuwa akikohoa mbali, upande wa majani.

"Alikufa, mon commandant."

"Mama," Paulin akauliza taratibu, "ule mutoto alikuwa anaitwa nani? Tunaulizanaka."

Godelive alinakili kaseti ya kwanza mpaka maneno yalipokwisha, akaisimamisha. Zilibaki inchi chache tu za utepe kabla haijakatika. Akachomeka maikrofoni ya Salomon, akaisogeza mdomoni. Kwanza aliinuka akaenda mlangoni, akatazama barabara kushoto na kulia, kwa kuwa hofu hiyo haikuwa imetangaziwa amani. Akafunga, akarudi, akabonyeza vyote viwili.

"Alikuwa anaitwa Melchior," akasema. "Ni mudogo wangu."

Kaseti ikakatika. Akaitoa, akayavunja meno yake mawili kwa ncha ya kisu, akaanza kunakili ya pili.